Kisima cha Saba Hakizami

1 Asharh, Jumapili

Mvua imeanza siku ileile ambayo kalenda inasema ianze, jambo ambalo sikumbuki kuliona tangu utotoni. Nimerudi Khulna baada ya miaka tisa ya kuzunguka na shahada zangu. Ofisi imenipa meza ya dirishani, feni inayolia na visima kumi na viwili vya kupimia jinsi ardhi inavyozama.

Kazi yenyewe ni kuijenga delta nzima ndani ya kompyuta. Ninaweka tabaka la mchanga, juu yake la udongo wa mfinyanzi, juu yake matope, kisha naacha uzito ufanye kazi yake. Maji yanakamuliwa kutoka kati ya punje, tabaka zinabanana, nyingine zinapinda. Miaka elfu nane inapita wakati nakunywa chai. Mwisho wa Srabon nimwambie mkuu wangu, Mhandisi Mokaddes, ni vipande vipi vya tuta la kuzuia maji viinuliwe kwa dharura kabla ya bamvua la Bhadro, maji makuu ya mwezi mpevu, na vipi vinaweza kusubiri.

Daftari hili ni la mambo yasiyoweza kuingia kwenye ripoti. Ninaandika tarehe zetu za Kibengali, Asharh, Srabon, Bhadro, kama alivyofanya mama.

2 Asharh

Visima kumi na kimoja vinaonyesha ardhi inazama. Kimoja hakionyeshi. Ni cha saba, cha kijiji cha Kewratola.

3 Asharh

Nimetazama rekodi zake zote. Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko baiskeli: nondo imeshushwa futi mia tatu na kukita huko chini, na ncha yake ya juu imetokeza kwenye sakafu ndogo ya saruji. Ardhi ikishindiliwa, sakafu inashuka na nondo inabaki palepale, kwa hiyo sehemu iliyotokeza inazidi kurefuka. Unasimamisha rula sakafuni, unasoma. Siku kilipowekwa ilikuwa milimita 212. Ikapanda kidogo hadi 217. Kisha ikarudi 212, na hapo imekaa miaka yote.

Mokaddes anakiita mwanafunzi bora. "Vingine vyote vinatoroka darasa," anasema, "hiki kimekaa mbele, mikono juu ya meza."

5 Asharh, Alhamisi

Ujumbe wa simu kutoka Kewratola: 212.

6 Asharh

Sikumwambia Mokaddes kwamba nilikuwepo siku kisima cha saba kilipochimbwa. Nilikuwa mwanafunzi, buti mpya, daftari jipya, najua kila kitu.

Fundi alikuwa Haripada Gayen. Alichimba kwa njia ya huku kwetu: bomba la chuma linapandishwa na kushushwa kwa wenzo wa mianzi, na fundi amekaa juu ya jukwaa, kiganja chake ndicho kizibo. Bomba likipanda anaziba, likishuka anaachia, na tope linaruka nje. Fap, fap, fap, siku nzima, kwa siku nne. Mchanga ulimpiga kiganjani na kiganja kikamwambia amefika wapi. "Sasa huu ni mchanga mnene," angesema, na baada ya dakika mchanga mnene ungetoka.

Bomba la mwisho liliposhuka, futi mia tatu, pete yake ya shaba ilichomoka kidoleni kwa utelezi ikaingia shimoni. Wote tukapiga kelele. Yeye akacheka mpaka akakaa chini. "Ile pete mnajimu alisema inanilinda na maji," akasema. "Basi na ikayalinde yenyewe."

Alikufa mwaka uleule, kwa homa ya ini. Mkewe Binodini ndiye aliyepewa kazi ya kusoma kipimo. Nilisikia habari hizo nikiwa mbali, nikasema maskini, nikaendelea na mtihani.

9 Asharh

Mvua. Khichuri ya wali na dengu. Kompyuta imekataa mara tatu.

12 Asharh, Alhamisi

212.

15 Asharh

Leo nimekwenda Kewratola kwa mashua ya injini ya Gofur Sardar, mtu mwenye sauti kubwa kuliko injini yake. Mto Shibsa ulikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilipomuuliza kama tuta la kwao lina nguvu alinitazama kama nimemuuliza umri wa mama yake.

"Tuta letu? Tuta letu liko imara, dada. Kisima chenu si ndicho kilichosema? Mwaka jana vijiji vyote vililetewa udongo, sisi tukaletewa pongezi."

Mashi Binodini alinitambua kabla sijashuka vizuri. Ni mashi wa kila mtu pale, mama mdogo wa kijiji kizima. Amekuwa mwembamba, sari nyeupe, nywele amezikata.

"Tanzila! Ndiwe yule binti wa buti?"

"Ndimi, Mashi."

"Uliogopa ruba mpaka ukalala umevaa buti."

"Hayo ndiyo unayoyakumbuka?"

"Nikumbuke nini kingine? Wewe ulikuwa hujui hata kula dagaa bila kulia."

Akaniletea bisi za mchele na chai ya tangawizi, tukakaa kando ya kisima. Kiko nyuma ya nyumba yake, chini ya kibanda cha bati tulichokijenga wenyewe, hatua kumi kutoka kwenye mguu wa tuta. Palikuwa pasafi ajabu. Sakafu imenyooka, haina hata jani, na pembeni kuna chungu cha mrehani na taa ndogo ya udongo. Nilimsifia. Nilimwambia vituo vingine vimejaa mavi ya mbuzi, lakini chake ni cha kufundishia wengine.

Akafurahi, nikaona kwamba amefurahi mno, kwa namna iliyonitia huzuni. "Ni kwa ajili yake," akasema. "Alichomwa pale ng'ambo, kwenye uwanja wa kuchomea maiti, na uwanja wenyewe mto umeula mwaka wa pili. Sina pa kwenda kumsalimia. Lakini pete yake iko hapa chini. Na kiganja chake pia, kwa kiasi fulani. Kwa hiyo ardhi hii haizami. Anaishikilia."

Nikasema chai ni nzuri.

19 Asharh, Alhamisi

212. Nilikuwa nikiisubiri tangu asubuhi, sijui kwa nini.

25 Asharh

Haiwezekani. Nimejenga Kewratola upya mara sita. Udongo wa mfinyanzi wa kule una umri mdogo, umejaa maji, na juu yake kuna tuta, nyumba na msimu mzima wa mvua. Kila nikiiendesha miaka tisa tangu kisima kichimbwe, kompyuta inasema lazima ishuke angalau milimita thelathini. Nondo inasema sifuri. Mmoja wetu anadanganya, na nondo haina akili ya kudanganya.

26 Asharh, Alhamisi

212.

4 Srabon

Nimeufanya udongo wa mfinyanzi wa Kewratola kuwa mgumu mara nne kuliko wa kijiji cha jirani. Hakuna sababu yoyote duniani. Sasa kompyuta inakubaliana na nondo, na mimi ndiye nisiyekubaliana na yeyote.

11 Srabon

Mvua siku ya sita. Bati la ofisi linapigwa na nasikia fap, fap, fap. Mokaddes aliniuliza mbona nimekaa nimefungua kiganja juu ya meza. Nikasema nahesabu.

13 Srabon

Jambo hili naliandika kwa sababu siwezi kulisema. Nimetafuta ni lini hasa kipimo cha saba kiliacha kupanda na kuanza kurudi nyuma, kutoka 217 kwenda 212. Ni Srabon ya mwaka ule wa kwanza. Haripada alikufa Srabon ya mwaka ule, tarehe nane. Kipimo cha wiki iliyofuata ndicho cha kwanza kushuka.

Ardhi ilikuwa ikizama kama kawaida. Fundi akafa, ikaacha.

Mimi ni mtu wa hesabu. Nimekaa na karatasi hiyo tangu adhuhuri.

16 Srabon, Alhamisi

212. Simu ilipolia nilishtuka nikamwaga chai.

20 Srabon

Nimewasilisha. Vipande vinne vya tuta viinuliwe. Kewratola isubiri mpaka kiangazi, maana ardhi yake imetulia. Mokaddes alitia saini palepale akasema hatimaye kompyuta imejifunza adabu. Nilitaka kumwambia kwamba haikujifunza, niliipiga. Nilikuwa nimechoka kubishana na nondo.

24 Srabon

Naota msitu. Miti imesimama ndani ya tope jeusi, shina kwa shina, na kila mmoja umebeba nyumba kichwani.

30 Srabon, Alhamisi

Hakuna ujumbe mpaka saa nane mchana. Kisha Gofur akapiga simu, sauti yake ikajaa chumba.

"Dada Tanzila, Mashi ana homa wiki ya tatu hii, mkono umevimba, amenituma mimi nisome. Sasa nina swali."

"Uliza."

"Hii sakafu yenu imekauka ikapasuka. Nimeweka rula, kipande kimebanduka kama chapati. Nikipimia juu, pasipobanduka, ni 212. Nikipimia ndani ya shimo ni 306. Niandike ipi?"

"Saruji haibanduki, Gofur."

"Saruji ipo, dada. Ipo huko chini. Hili ninaloshika mkononi ni udongo."

1 Bhadro

Naandika haya mashuani, mwandiko uniwie radhi.

Mashi alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mkono umefungwa kitambaa. Nilimuuliza polepole, kama mtu anayemwuliza mgonjwa alikula nini. Je, sakafu ya kisima anaisafishaje? Akashangaa. Kama ninavyosafisha pa Lakshmi, mungu wetu wa neema, akasema. Kila Alhamisi asubuhi anakanda udongo laini wa mtoni na samadi kidogo, anaikandika sakafu ya nyumba, anaikandika ya jukwaa la mrehani, na ya kisima, mpaka kwenye mstari wa kutu uliozunguka nondo tangu mwanzo. Ikinyauka, anaoga, anaweka ua, anasimamisha rula, anasoma.

"Kabla ya kusoma?"

"Kwani naweza kusoma pakiwa pachafu?"

Kila mwanamke wa kijiji chake hufanya hivyo. Hata mimi Mwislamu nimekulia nyumba ya udongo iliyokandikwa kila wiki, nimekanyaga ukandiko huo kwa miguu yangu, na siku ile nilikaa juu yake nikala bisi nikamsifia. Wakaguzi wote waliopita kabla yangu waliona sakafu rangi ya udongo katika nchi ambayo kila kitu kina rangi ya udongo. Ukandiko wa Alhamisi moja ni mwembamba kuliko ukucha. Lakini Alhamisi ni nyingi.

Nikapiga magoti nikakata kwa kisu. Nimeona matabaka mengi maishani mwangu, kwenye kingo za mito na kwenye vitabu. Sijawahi kuona kama haya. Kahawia, kijivu, kahawia, mamia, nyororo. Na katikati yake, kwa nafasi karibu sawa, mistari myeupe: unga wa mchele, wa michoro anayoichora kila sikukuu ya Lakshmi mwezi wa Ashwin. Nikahesabu mistari. Tisa. Nikateremka mpaka kwenye saruji na kupima. Milimita tisini na nne.

Niliweka mkono wangu pale. Ni upana wa kiganja.

Kwa hiyo ardhi ilizama, kila wiki, kama vijiji vyote, zaidi ya vijiji vyote. Na kila wiki yeye aliinyanyua. Alianza alipofiwa, ndiyo maana kipimo kiligeuka wiki ile. Hakuna mzimu. Nilipaswa kutulia moyo, lakini niliogopa kuliko siku ya karatasi.

Nilimwambia yote. Mtu hawezi kusema jambo hilo kwa uzuri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Yaani alikuwa hashikilii?"

"Hapana, Mashi."

"Na mimi miaka tisa nimewatumia uongo."

"Hukujua. Sisi ndio hatukuuliza."

"Wewe ulikuja. Ukakaa pale pale. Ukasema pasafi." Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Gofur alisimama ameshika kile kipande cha udongo, hajui pa kukiweka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinong'ona.

"Dada, kama ardhi imeshuka kiganja, na tuta lake?"

"Tuta limekaa juu ya ardhi, Gofur. Limeshuka nayo."

2 Bhadro

Bado kuna deni, na ni langu.

Udongo wa mfinyanzi ukiurudisha ulivyokuwa, kompyuta inasema Kewratola ilipaswa kushuka milimita thelathini. Imeshuka tisini na nne. Kwa hiyo nilikuwa nimekosa hata kabla ya udongo wa Mashi. Leo nimefungua sanduku la mama nikatoa daftari langu la siku zile za buti. Futi thelathini: "udongo wa mfinyanzi", mwandiko wangu mzuri wa kujipendekeza.

Nakumbuka. Siku ya kwanza, karibu saa tano, Haripada alisimamisha kazi. Akainua kiganja, akakinusa. "Hapa kuna msitu, binti," akasema. "Miti imelala. Inanyonya mkono." Nikasubiri sampuli. Likatoka tope jeusi tupu, hata kijiti hakikutoka. Nikamwambia, "Fundi, kiganja si sampuli." Watu wakacheka. Yeye akacheka pia, kisha akasema tena, kwa upole, "Andika tu. Siku moja utaona." Sikuandika.

Miti iliyooza chini ya ardhi ni sifongo. Ukiiwekea uzito inakamuka kuliko kitu kingine chochote. Mchana huu nimeweka futi sita za msitu wake ndani ya kompyuta, pale pale aliposema. Nikaenda dirishani nisiangalie. Niliporudi imeandika: milimita 96.

Nimelia mezani kama mtoto. Mtu alinipa ukweli mkononi mwake nikamwambia mkono si ushahidi.

3 Bhadro, Jumatatu

Mokaddes alisoma karatasi zote mbili, ya mwezi uliopita na ya leo, akavua miwani.

"Dada Tanzila, mwezi uliopita kompyuta yako ilisema Kewratola ni mwamba. Leo inasema ni uji. Mwezi ujao itasema ni maziwa?"

"Mwezi uliopita nililazimisha. Nilikosea, naandika kwamba nilikosea, weka na jina langu."

"Mashine za kuchimbia ziko kwenye vile vipande vinne. Siwezi kuzihamisha kwa sababu ya mama mmoja na samadi yake."

"Bamvua ni tarehe ishirini na tatu."

"Nami nimesema kiangazi." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Na usiende kuwatia watu hofu. Hilo si pendekezo."

Si mtu mbaya. Anajua tu kwamba mhandisi hulala usingizi mwema zaidi juu ya kosa lililotiwa saini kuliko juu ya ukweli usio na saini.

4 Bhadro

Nimeomba ruhusa ya ugonjwa. Nimekwenda kuwatia watu hofu.

6 Bhadro, Alhamisi

Nilidhani watanipiga. Nilisimama juu ya tuta nikawaeleza wanakijiji wapatao sitini: ofisi iliwaambia mko salama, mimi ndiye niliyeandika, si kweli. Tuta lenu ni fupi kwa kiganja kizima kuliko lilivyoandikwa. Mzee mmoja akatema tambuu miguuni pangu. Mwanamke akauliza kama nina watoto, nikasema sina, akasema inaonekana.

Gofur akaniokoa, kwa namna yake. "Mnamtukana nini sasa? Mtukaneni kesho. Leo nani ana jembe?"

7 Bhadro

Udongo. Mvua. Mgongo.

8 Bhadro

Tunachimba udongo wa shamba la Gofur mwenyewe, anakililia kila kikapu kama binti yake anayeolewa. Wanaume wanakata, wanawake wanapokezana vikapu, wengine wanajaza magunia. Hatua mia sita za tuta. Tumepanga kuinua kiganja kimoja na nusu. Nami nimo kwenye mstari, mikono imechubuka.

Mlango wa Mashi umefungwa. Nikipita nasikia anakohoa.

12 Bhadro

Hatua mia mbili na arobaini.

13 Bhadro, Alhamisi

Hakuna ujumbe wa kipimo. Nimejikuta naitazama simu, nikiisubiri 212 kama mtu anayesubiri barua ya marehemu.

15 Bhadro

Barua ya onyo ya ofisi imefika kwa simu. Nimeisoma nimesimama kwenye tope hadi magotini, nikaifuta kwa bahati mbaya kwa kidole chenye udongo. Au si kwa bahati mbaya.

16 Bhadro

Leo asubuhi mstari wa vikapu ulisimama. Nikageuka. Mashi alikuwa anakuja, mkono mmoja umefungwa, na kwa mwingine amebeba kikapu kichwani. Ndani ya kikapu mlikuwa na ukandiko wote wa kisima. Ameubandua mwenyewe, wote, mpaka kwenye saruji. Mistari myeupe ilionekana kwenye vipande.

"Mashi, huo hapana," nikasema. "Huo uweke."

"Niuweke wapi? Ni udongo." Hakunitazama. "Umedanganya miaka tisa. Na ufanye kazi."

Akaumwaga juu ya tuta nyuma ya nyumba yake, akaukanyaga kwa miguu mitupu, polepole, akauzunguka mpaka ukashikamana. Kisha akachukua nafasi yake mstarini, mbele yangu. Baada ya vikapu ishirini hivi akasema bila kugeuka, "Vaa buti. Kuna ruba."

20 Bhadro, Alhamisi

Mia tano na kumi. Mto umeanza kupanda kwenye mizizi ya mikewra, mikoko yetu ya ukingoni.

22 Bhadro

Tumemaliza saa kumi jioni. Gofur alipima kila hatua kwa kijiti. Pale nyuma ya nyumba yake Mashi alikataa kijiti, akapima kwa mkono wake. Akasema udongo unatosha. Nikapima kwa rula, ulitosha.

23 Bhadro, Jumapili, mwezi mpevu

Maji yalifika kilele saa sita na robo mchana, jua linawaka, hakuna hata wingu. Nilitarajia kelele. Yalipanda kimya, mapana, yakaleta maganda ya nazi na kiatu kimoja cha plastiki. Yakafika mahali ambapo wiki tatu zilizopita palikuwa juu kabisa ya tuta. Yakapita. Vidole vinne yakapita.

Tulisimama juu ya udongo mpya, watu wote, ng'ombe nyuma yetu, na tukayatazama maji yakiwa juu kuliko sakafu za nyumba zetu. Udongo ulitoa jasho. Kwenye mahali pawili ulilegea tukarundika magunia na miili yetu. Nilimwona yule mwanamke aliyeniuliza watoto ameegemeza mgongo wake kwenye gunia, macho amefumba, midomo inatembea.

Nami nilisikia. Maji yakigonga ubavu wa tuta, yakivuta, yakigonga: fap, fap, fap. Nilimtazama Mashi. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Sikumwuliza anasikia nini.

Saa saba na nusu kile kiatu kilianza kurudi baharini.

24 Bhadro

Nimelala siku nzima.

2 Ashwin

Mokaddes amekuja Kewratola mwenyewe, ametembea juu ya tuta kutoka mwanzo hadi mwisho, akaona alama ya maji. Mzee wa tambuu akamfuata nyuma akitema kila hatua kumi. Kabla ya kupanda mashua mhandisi aliniuliza ule msitu uko futi ngapi. Thelathini, nikasema. Akaandika. Akauliza chanzo cha taarifa. Nikasema: kiganja cha fundi Haripada Gayen. Kalamu ilisimama kidogo, kisha akaandika na hilo.

Nahamishiwa Sylhet mwezi ujao. Onyo linabaki kwenye faili.

24 Ashwin, Alhamisi

Nimekuja kuaga. Mvua zimekwisha, anga ya bluu, maua ya nyasi meupe kila ukingo. Sikukuu ya Lakshmi ilikuwa Jumatatu. Kutoka mlangoni mwa Mashi nyayo ndogo za unga wa mchele bado zinaonekana, zile zinazochorwa ili mungu wa neema aingie nyumbani. Nyingine zimetoka kwa mlango wa nyuma, zikavuka uwanja, zikaingia kibandani na kuishia kwenye nondo.

Sakafu ya kisima ilikuwa imekandikwa upya. Mbichi bado.

Nilisimama. Aliona uso wangu akacheka, mara ya kwanza tangu ile siku ya chai. "Usiogope. Njoo utazame."

Kando ya nondo ameacha duara dogo lisilokandikwa, upana wa sarafu, saruji tupu. Amelizungushia mstari mweupe. "Hapa ndipo pa rula," akasema. "Pengine pote ni pangu. Kila Alhamisi napasugua hapa kwa brashi ya meno."

Akanipa rula. Nikapiga magoti, nikasimamisha kwenye sarafu ile, nikasoma. 307 na nusu. Akasoma na yeye, akasogeza miwani, akatingisha kichwa kukubali.

"Inazama."

"Inazama, Mashi. Taratibu."

"Mwaka mmoja kiasi gani?"

"Nusu ya upana wa kidole chako."

"Na pete yake iko futi mia tatu."

"Ndiyo."

Akahesabu kwa vidole, kama anavyohesabu siku za kutotoa mayai ya bata, akakata tamaa, akafuta udongo mkononi kwa upande wa sari. "Basi mimi ndiye niliyekuwa nikijizuia nisishuke kwake," akasema. "Miaka tisa namwambia nishikilie, na kumbe yeye ananingoja." Akaiinua taa ya udongo akaiweka karibu zaidi na nondo. "Na angoje tu. Hata siku ya harusi nilimchelewesha mpaka wali ukapoa."

Nikaandika 307.5 kwenye daftari la kituo. Yeye akaweka ua juu ya ncha ya nondo, akaniuliza kama nimekula.